Kifungo cha maisha, alafu jaji anataja miaka: maswali yenu kuhusu kesi za mauaji Uingereza

Mwezi huu sanduku la maswali limejaa kesi za mauaji za Uingereza. Wengi wenu mna ndugu kule, wengine mnazifatilia tu kwenye simu, na karibu kila aliyeandika anauliza kitu kilekile kwa njia yake, kwamba jaji anatoa kifungo cha maisha alafu palepale anataja namba, miaka 17, miaka 22, miaka 31, sasa hiyo namba kaitoa wapi na maana yake nini hasa. Nimechagua barua chache nikazifupisha. Ninachojibu hapa ni sheria ya England na Wales, maana Scotland na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao, msije mkachanganya.

SWALI: Nilimsikia jaji anasema kifungo cha maisha, isipungue miaka 19. Shemeji yangu kashikilia kwamba jamaa akimaliza 19 anatoka, na akiwa na tabia nzuri anatoka hata baada ya 9 na nusu. Tumebishana mpaka usiku. Nani yuko sahihi?

JIBU: Shemeji kakosea mara mbili, mwambie kwa upole.

Kule mtu mzima akikutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia jaji hana cha kuchagua, adhabu ni moja tu, kifungo cha maisha. Imekuwa hivyo tangu 1965 walipositisha kunyonga wauaji (watu wa mwisho kunyongwa ilikua Agosti 1964). Kwahiyo kazi inayobaki kwa jaji ni kupanga muda wa chini, yaani ile miaka ambayo mfungwa lazima aitumikie yote kabla hata ya kuruhusiwa kuomba kutoka. Na ni yote kweli, siku kwa siku, tabia nzuri haipunguzi hata wiki. Kinachotolewa ni zile siku alizokaa rumande akisubiri kesi, basi.

Hapo ndo tofauti kubwa na wafungwa wengine ilipo. Aliyefungwa miaka kadhaa kwa kosa lingine kwa kawaida anaachiwa kabla ya kuimaliza, anamalizia nje kwa masharti, ndo maana watu wanazoea kugawanya kwa mbili kila wanaposikia namba. Kwa muuaji usigawanye.

Alafu miaka 19 ikiisha haachiwi, anapata haki ya kusikilizwa na Bodi ya Paroli, na bodi inaangalia kama bado ni hatari kwa watu au la. Haikai tena kupima kosa lilikua baya kiasi gani, hilo jaji alishalimaliza. Wasiporidhika anarudi selo, anasubiri asikilizwe tena baadae, na wapo wanaokaa miaka mingi sana kupita ule muda wa chini, wengine hawatoki kabisa. Akiachiwa nako anakua chini ya laiseni mpaka anakufa, ana afisa wa kumsimamia, ana masharti, akiyavunja anarudishwa ndani hata kama ni miaka 25 tangu atoke. Ndo maana kinaitwa cha maisha.

SWALI: Kuna orodha ya bei au? Mbona mmoja anapewa 15 na mwingine 30 na wote wameua mtu mmoja mmoja? Inaniuma kuona damu ya mmoja inahesabiwa nusu ya mwingine.

JIBU: Nakuelewa kabisa, na hili neno nimelisikia kwa familia nyingi. Hiyo miaka haipimi thamani ya aliyekufa, inapima hatia ya aliyeua, lakini familia ikiwa imekaa pale mahakamani inasikia namba tu na inaiona ndo thamani ya mtoto wao, na sidhani kama kuna namna ya kuwaambia vinginevyo siku hiyo wakakuelewa.

Miaka inatoka kwenye Sheria ya Adhabu ya 2020, kuna jedwali ndani yake, Jedwali la 21, ambalo kwa asili lilianza na sheria ya 2003. Jedwali linampa jaji sehemu ya kuanzia, kianzio. Kwa mtu mzima kianzio cha kawaida ni miaka 15. Kama muuaji alibeba kisu au silaha nyingine kwenda nayo eneo la tukio akaitumia kuulia, anaanzia 25. Kinapanda mpaka 30 kama alitumia bunduki au kilipuzi, au aliua kwa ajili ya faida kama vile kwenye ujambazi au kwa kulipwa, au aliua ili shahidi asiongee, au kuna unyanyasaji wa kingono ndani yake, au kaua wawili na zaidi, au kamuua mtu kwa sababu ya rangi yake, dini, ulemavu au jinsia anayovutiwa nayo. Juu kabisa kuna amri ya kukaa gerezani maisha yote bila muda wa chini wowote, hiyo nitaigusa mbele.

Kianzio sio jibu. Kutoka hapo jaji anapanda na kushuka. Anapanda akikuta mipango ya muda mrefu, aliyeuawa alikua mzee au mgonjwa au mdogo, aliteswa kabla ya kufa, muuaji alikua mtu aliyeaminiwa naye, mwili ulifichwa au ulikatwakatwa. Anashuka akikuta nia haikua kuua bali kuumiza vibaya (hiyo nayo kule inatosha kuitwa mauaji), tukio lilizuka bila kupangwa, muuaji ana ugonjwa wa akili uliompunguzia uwezo ingawa haukufikia kiwango cha kubadilisha kosa lenyewe, alichokozwa, alikua na hofu, umri wake. Na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hili jedwali halitumiki kama mashine ya kukokotoa, na kwamba jaji asihesabu kitu kilekile mara mbili, mfano bunduki ikishamfikisha 30 haiwezi kutumika tena kumpandisha juu ya 30.

Zamani haikua hivi. Jaji alikua anapendekeza tu na anayeamua muda ni waziri wa mambo ya ndani, mwanasiasa, mtu anayesoma magazeti asubuhi na kutafuta kura jioni. Novemba 2002 mahakama ya juu ya wakati ule, ya Mabwana (House of Lords), ikasema kwenye kesi ya Anderson kwamba mwanasiasa kupanga kifungo ni kinyume na haki ya kusikilizwa na chombo huru. Mwaka uliofata jedwali likaja, yaani bunge likakubali majaji waamue ila likawawekea alama za kuanzia. Mi naona ulikua uamuzi mzuri, kwasababu sasa hivi jaji analazimika kusema hadharani kaanzia wapi na kafikaje alipofika, na akikosea kuna pa kumpeleka.

SWALI: Dada wa rafiki yangu aliuawa na mumewe ndani ya nyumba yao kwa kisu cha jikoni. Mume kapata miaka 16. Wiki hiyohiyo kijana aliyemchoma mwenzake barabarani kapata 24. Rafiki yangu ananiuliza kwanini dada yake kahesabiwa kidogo na mimi sina cha kumjibu. Naomba unisaidie.

JIBU: Dada, pole sana, na mfikishie pole rafiki yako. Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu ya hii sheria inayoniumiza kuliko zote.

Kama nilivyosema, 25 ni kwa aliyebeba silaha kwenda nayo. Hicho kianzio hakikuwepo mwanzo, kiliongezwa 2010 baada ya kampeni kubwa iliyofatia kifo cha kijana wa miaka 16 aliyechomwa kisu London 2008, na lengo lilikua kuwatisha vijana wanaotembea na visu mitaani. Lengo ni jema na sina ugomvi nalo. Lakini ukishasema anayebeba kisu kutoka nje anaanzia 25, umeshasema pia, hata kama hukukusudia, kwamba anayekikuta kisu pale alipo anaanzia 15. Na kisu kinakutwa pale alipo wapi? Nyumbani. Jikoni. Na nani wanauawa nyumbani kwa kisu cha jikoni na watu wanaoishi nao? Kwa sehemu kubwa ni wanawake.

Kwahiyo pengo la miaka kumi linaanzia kwenye swali la kisu kilitokea wapi, wakati mwanaume mwenye mke hana haja ya kubeba kisu kwenda popote, nyumba ni yake, droo anaijua, mlango hauna haja ya kuvunjwa. Kuna hata mabishano mahakamani kuhusu kisu kilichotolewa jikoni kikapelekwa chumbani, je hapo kimebebwa kwenda eneo la tukio au bado ni palepale, na majaji wameeleza kwamba kwa kawaida kutoka chumba kimoja kwenda kingine haitoshi, ila inategemea mazingira, mfano kama mtu alijifungia na mlango ukavunjwa. Fikiria mama wa marehemu anakaa anasikiliza wanasheria wakijadili umbali wa jiko na chumba cha kulala.

Kuna akina mama waliopoteza mabinti zao hivi ambao walikataa kunyamaza, wakasukuma mpaka serikali ikampa wakili Clare Wade kazi ya kupitia namna wanavyoadhibiwa watu wanaoua wapenzi na wenza wao, ripoti ikatoka Machi 2023. Kutokana nayo, 2024 sheria ikaongezewa mambo. Sasa kama muuaji alikua anamtawala mwenzake, anamfatilia simu, anamkatia pesa, anamtenga na ndugu zake, hiyo inatajwa kwenye jedwali lenyewe kama sababu ya kupandisha miaka. Ukatili uliopitiliza, yaani kuendelea kushambulia kupita kiasi ambacho kingetosha kuua, nao umetajwa. Na upande wa pili pia, mwanamke aliyeua mwanaume ambaye kwa miaka alikua anamtawala hivyo, sasa hiyo inahesabika kama sababu ya kumshusha. Wapo wanawake gerezani wenye historia ya namna hii, na kuliandika hili waziwazi ilikua haki yao.

Lakini kianzio cha 15 kwa kisu cha nyumbani kimebaki palepale. Sababu za kupandisha zinasaidia, jaji anaweza kufika 20 au zaidi akizitumia zote vizuri, ila anapanda kutoka 15 wakati mwenzake anashuka kutoka 25. Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba inaiomba Tume ya Sheria ipitie upya sheria yote ya mauaji pamoja na adhabu zake, na mimi msimamo wangu uko wazi, hili pengo halina utetezi, mwanamke anayeuawa sehemu aliyopaswa kuwa salama kuliko zote hawezi kuanziwa chini ya mtu aliyeuawa barabarani.

Mwambie rafiki yako hivi: dada yake hakuhesabiwa kidogo na jaji. Jaji alianzia pale sheria ilipomwambia aanzie. Kosa liko kwenye sheria na kuna watu wanalipigania.

SWALI: Yule kijana wa Southport aliyeua watoto watatu mbona hakupewa maisha yote bila kutoka? Miaka 52 inatosha nini?

JIBU: Umri. Kinachoangaliwa ni umri wa siku ya tukio, sio wa siku ya hukumu. Alifanya lile tukio 29 Julai 2024 akiwa na miaka 17, zimebaki siku chache tu atimize 18, na sheria hairuhusu amri ya maisha yote kwa aliyekua chini ya 18. Kawaida amri hiyo ni kwa wa 21 na kuendelea, na tangu 2022 jaji anaweza kuitoa kwa wa miaka 18 mpaka 20 kama kosa ni la kipekee kabisa. Chini ya hapo mlango umefungwa.

Watoto wana vianzio vyao. Zamani vilikua havijapangwa kwa umri, mtoto yeyote alianzia 12, mabadiliko ya 2022 yakapanga ngazi. Kwa kosa ambalo mtu mzima angeanzia 15, wa miaka 17 anaanzia 14, wa 15 na 16 anaanzia 10, wa 14 kushuka anaanzia 8. Kwa lile ambalo mkubwa angeanzia 25 inakua 23, 17 na 13. Na lile la 30 inakua 27, 20 na 15.

Sasa angalia: kianzio kilikua 27 na jaji kafika 52, karibu mara mbili, kwasababu waliouawa ni watatu, wote watoto wadogo, na kulikua na makosa ya kujaribu kuua watu wengine kumi, na maandalizi ya muda. Hii ilikua baada ya yeye kukiri. Jaji mwenyewe alisema kuna uwezekano mkubwa hatatoka kamwe. Akizifikisha hizo 52 atakua na karibu miaka 70 na bado bodi itauliza kama ni hatari. Kwahiyo kwa sheria iliyopo jaji alifika karibu na mwisho wa anachoweza kufanya.

Nijuavyo wengi hamtakubaliana na mimi, lakini naona ni sawa mtoto kutopewa amri ya kutotoka milele, hata huyu. Na naelewa kwanini mzazi wa Southport asingependa kunisikia nikisema hivyo.

SWALI: Mpwa wangu ana miaka 19, alikua na kundi, mwenzao mmoja akamchoma mtu akafa, na yeye kashtakiwa kwa mauaji. Hajashika kisu. Wakili anasema wasubiri. Mimi kama mama yake mkubwa naweza kufanya nini? Na tumwambie akiri apunguziwe?

JIBU: Mama mkubwa, shikamoo. Pole na hofu hiyo.

Kwanza kukiri. Msimwambie akiri kwa ajili ya punguzo kama hakufanya kosa analoshtakiwa nalo, hilo ni la yeye na wakili wake na ni zito kuliko hesabu yoyote. Kuwepo tu kwenye kundi hakutoshi. Februari 2016 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Jogee ilisahihisha sheria iliyokua imepotoka miaka mingi, ikasema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba huyu naye alikusudia kusaidia au kuhamasisha, kuona tu kwamba mwenzake anaweza kuua ni ushahidi ila sio nia yenyewe.

Punguzo lenyewe kwenye mauaji ni dogo kuliko makosa mengine. Makosa mengine mtu anakiri mapema anapata theluthi, hapa ni moja ya sita na haizidi miaka 5. Yaani wa 18 anashuka 15, wa 36 anashuka 31 na sio 30. Akisubiri mpaka siku ya kesi ndo akiri linabaki moja ya ishirini. Kwa amri ya maisha yote hamna punguzo kabisa.

Akikutwa na hatia, hapo kuna ya kufanya, na ianze mapema. Jaji ataangalia nafasi yake kwenye tukio, aliyechoma na aliyekua pembeni hawapewi miaka sawa kwa lazima. Kama kisu kilibebwa na mwenzake na yeye hakujua, kianzio cha 25 kinaweza kisimhusu. Kama nia ya kuua haikuwepo bali ya kuumiza, inashusha. Na umri, maana majaji wameshasema siku ya kutimiza 18 haimgeuzi mtu kuwa mkubwa ghafla, ukomavu unaangaliwa kwa wa 19 na 20 pia. Kusanyeni ripoti za shule, za daktari, za ustawi wa jamii kama alilelewa kwa shida, barua za watu wanaomjua kweli (mwalimu, mwajiri, kiongozi wa dini) waandike wanachokijua na sio sifa tupu. Zote zipitie kwa wakili, msimwandikie jaji wenyewe.

Na mtembeleeni. Miaka ya rumande ni migumu na atahitaji watu.

SWALI: Kaka yetu aliuawa, hukumu imetoka wiki iliyopita, tunaona ni ndogo mno. Tuliandika barua kwa jaji kabla ya hukumu tukasema tunataka 30, hakuitaja kabisa. Tumedharauliwa?

JIBU: Hapana, hamkudharauliwa, na soma hili leoleo maana muda unakimbia.

Familia inaruhusiwa kutoa maelezo ya jinsi kifo kilivyowaathiri, na mara nyingi yanasomwa mahakamani, na jaji anayazingatia. Lakini maoni ya familia kuhusu miaka mingapi hayahesabiwi. Sababu yake ni kwamba kuna familia inayosamehe na kuna isiyosamehe, na kuna marehemu asiye na ndugu hata mmoja wa kusimama, sasa adhabu ikifata hilo huyo asiye na mtu angepata haki ya nani?

Kwenye hukumu ndogo kuna njia. Mtu yeyote, hata asiye ndugu, anaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu wa serikali aipeleke adhabu Mahakama ya Rufani kwa madai kwamba ni nyepesi kupita kiasi. Ni bure, inaombwa kwa ofisi yake mtandaoni. Ila muda ni siku 28 tangu hukumu na ni mkali sana, na kumbukeni yeye ndo anatakiwa awe ameshaipeleka ndani ya hizo 28, kwahiyo mkiomba siku ya 27 mmemnyima nafasi ya kusoma. Ombeni leo. Pia jueni kipimo: haitoshi kwamba jaji mwingine angetoa zaidi, inatakiwa iwe chini ya kile ambacho jaji yeyote makini angeweza kutoa. Wengi wanaomba na wachache wanafanikiwa. Nimeona familia nyingi za wageni zinapitwa na hili kwasababu hawakuambiwa mapema, ndo maana nalisema kwa herufi kubwa moyoni.

SWALI: Kwanini yule polisi aliyemuua Sarah Everard alipewa maisha yote wakati kaua mtu mmoja tu?

JIBU: Jedwali linataja mifano ya makosa ya kuanzia maisha yote: kuua wawili au zaidi kwa mipango ya kutosha, au kwa kuteka, au kwa ukatili wa kingono, kumuua mtoto kwa kumteka au kwa sababu za kingono, ugaidi, kuua polisi au askari magereza akiwa kazini, aliyeua tena baada ya kuwahi kutiwa hatiani kwa mauaji, na tangu 2022 kumuua mtoto kwa mipango ya kutosha. Kesi ya Wayne Couzens, huyo polisi, haimo kwenye mfano wowote hapo. Lakini ile ni mifano, sio orodha iliyofungwa. Septemba 2021 jaji alisema polisi anayetumia nafasi yake ya upolisi kumkamata kwa uongo, kumteka, kumbaka na kumuua mwanamke kafanya kitu cha uzito uleule wa anayeua kwa ajili ya itikadi, kwasababu kabomoa imani ya watu kwa dola. Alikata rufaa, 2022 ikakataliwa. Naona alistahili.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwahi kusema 2013 kwamba kumfungia mtu bila njia yoyote ya kupitiwa upya ni kinyume na ubinadamu, alafu 2017 ikaridhika kwamba uwezo wa waziri kumwachia mfungwa kwa sababu za kipekee unatosha kuwa njia. Kiuhalisia ni njia nyembamba mno.

SWALI: Na huku Afrika Mashariki je, majaji wanapanga muda wa chini?

JIBU: Kwa kifupi, maana inahitaji safu yake. Tanzania sheria bado inasema kuua kwa kukusudia ni kunyongwa na jaji hana chaguo isipokua kwa mjamzito na aliyekua chini ya 18, ingawa 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ya Arusha ilisema ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Uganda ulazima uliondolewa na mahakama ya juu 2009. Kenya uliondolewa Desemba 2017 kwenye kesi ya Muruatetu, na tangu hapo jaji anasikiliza utetezi wa mshtakiwa kabla ya kuamua, anaweza kutoa miaka maalum. Kuna miongozo ya mahakama, ila hamna jedwali la vianzio ndani ya sheria kama lile la Uingereza, ndo maana kesi zinazofanana zinaweza kuishia mbali sana.

SWALI: Naweza kusoma wapi jaji alivyofikia namba yake? Magazeti yanaandika namba tu.

JIBU: Kesi kubwa zinawekwa kwenye tovuti ya mahakama ya England na Wales, maelezo ya hukumu kamili, mara nyingi siku hiyohiyo. Na tangu Julai 2022 kamera zimeruhusiwa kwenye mahakama za Crown (zinazosikiliza kesi kubwa za jinai) wakati jaji anasoma adhabu, kwahiyo nyingine unaziona kwa video, jaji peke yake ndo anaonyeshwa. Ukisoma tafuta vitu kwa mpangilio huu: kaanzia ngapi na kwanini, kapandisha kwa nini, kashusha kwa nini, katoa siku ngapi za rumande. Kama hukumu haipo mtandaoni familia inaweza kumwomba afisa wa polisi anayewahudumia aulizie nakala kwa mahakama, na kama kuna kipande hamkielewi nitumieni, ila futeni majina kwanza.